Waliotoka Dakika ya Sita

Jumatatu, 4 Septemba 1961

Jana, saa kumi na moja kasoro dakika nne za jioni, nimepoteza watazamaji thelathini na wanane. Walioingia ni arubaini na mmoja. Walitoka kwa pamoja, dakika ya sita ya picha yangu ya dakika kumi na moja, kimya, vichwa chini. Jini anatokea dakika ya saba! Hawakumwona hata ukucha.

Waliobaki ghalani ni watatu. Randu, maana ndiye anayezungusha mtambo. Nassor fundi saa, amefumba macho. Na mtoto mchanga aliyesahauliwa juu ya gunia la nazi.

Swali ni moja tu. Walitoka kwa hofu au kwa kuchoka? Kama ni hofu, mimi bingwa. Kama ni kuchoka, nirudi kwenye cherehani zangu. Bwana Ngumbao, mshika funguo wa ukumbi wa wafanyakazi kule Chaani, ana nafasi ya picha moja fupi ya kutisha Jumamosi hii, mbele ya watu mia tatu. Ni yangu au ya Nassor, maana naye amepiga yake; itachukuliwa ile iliyotisha kweli. Anataka ushahidi.

Mimi sikubebwa na mtu. Kamera nimeipata kwa Mzungu aliyekuwa akifunga mizigo arudi kwao, nikampa cherehani mbili. Picha nimeipiga Lamu mwezi wa saba, nilipokwenda kwa kazi. Mchezaji ni jirani yetu Mbarak, fundi wa kuezeka makuti, aliyeko huko tangu masika. Anaumwa, anakufa, anaoshwa, anavishwa sanda, halafu jini. Amekufa vizuri mno! Maandishi ya mwanzo niliyakata, nikaokoa futi ishirini za filamu. Wala sikumwambia mtu kwamba ni picha ya kutisha, nisiharibu utamu. Niliwaita tu waje waone habari za Lamu.

Jumanne, 5 Septemba

Nimezunguka mtaani kwetu Mtopanga na daftari nikikusanya maoni. Safu mbili: HOFU na UCHOVU.

Muuza kahawa amenishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema kazi ya Mungu haina makosa. Nikamjibu kwa heshima kwamba kazi ni yangu, na makosa kama yapo ayataje. Akalia. Nimtie safu gani?

Zubeda amenipa mahamri sita ambayo sikuyaagiza. Ati nimefanya vyema kuwaletea, ila ningalianza kwa mkewe. Mke wa nani? Mimi sina mke.

Selpher, mwalimu wa shule ya misheni, ameuliza kama marehemu aliteseka sana. Nikamwambia hata, alikufa mara tatu tu, maana mara ya kwanza alicheka. Amenitazama kana kwamba jini ni mimi.

Jumla hadi magharibi: Hofu 0. Uchovu 0. Machozi 11. Safu ya machozi imebidi niiongeze.

Jumatano, 6 Septemba

Asubuhi kwa Nassor. Mwezi uliopita alinionyesha picha yake ya bibi arusi asiye na kichwa, akaomba maoni. Nikampa makosa ishirini na matatu, kwa maandishi, yamepangwa kwa nambari. (La tisa: bibi arusi hana kichwa, lakini anageuka kulia na kushoto kabla ya kuvuka njia.) Leo nilijua atalipiza. Wapi! Amenivutia kiti. "Yakhe, leo hatushindani," akasema, na tuonane khitmani alasiri. Sikuuliza khitma ya nani. Pilau ni pilau.

Alasiri. Kumbe khitma ni nyumbani kwa Mbarak! Na watazamaji wangu wote thelathini na wanane wapo, wanaume mkekani, wanawake ndani. Nilifurahi kupita kiasi. Hesabu nzima chini ya paa moja! Nikatoa daftari. Sijafungua mdomo, mtu akapiga hodi mlangoni.

Mbarak. Ameshuka basi la Lamu, kapu la halua mkononi. Akauliza nani amekufa.

Waliokimbia kwa mlango wa uani, thelathini na mmoja. Waliopita dirishani, wanne. Waliobaki wakisoma Ayatul Kursi kwa sauti, watatu. Nassor alizimia. Kutoka chumbani, mkewe Mbarak, Bi Mwanatumu, alipiga yowe ambalo nadhani walilisikia hadi kijiji cha Junda.

Ndipo nikafahamishwa, watu sita wakinipigia kelele kwa wakati mmoja. Walidhani nimewaletea picha ya maziko ya kweli. Walitoka dakika ya sita kwenda kumpa mkewe tanzia.

Kwa hiyo ni hofu au si hofu?

Alhamisi, 7 Septemba

Bi Mwanatumu amenipa maoni yake kwa ukamilifu, nimesimama barazani. Siku tatu amekaa ndani kama mjane. Ameshagawa nguo za mumewe zote. Mbarak alikuwa nyuma yake amejifunga shuka la kitanda. "Umenizikia mume akiwa hai, Mohdhar! Una la kusema?" Nikamuuliza lile yowe lilikuwa la hofu au la furaha. Akanirushia ndara. Nimeandika: Hofu 1.

Mchana nikavuka hadi Chaani na hesabu yangu. Bwana Ngumbao ameisoma mara mbili. Amesema hao walimwogopa Mbarak, si picha. Jini wangu hajaonwa na mtu. Akacheka, ati basi nimletee huyo Mbarak. Kesho kutwa kama sina kitu, bibi arusi wa Nassor ndiye atakayevuka njia mbele ya watu mia tatu.

Yeye amefanya mzaha. Mimi sifanyi mzaha na hesabu.

Ijumaa, 8 Septemba

Kosa nimeliona. Si maandishi ya mwanzo. Yale ni kupoteza futi. Kosa ni kwamba Mbarak alichelewa siku tatu. Alipaswa kuingia dakika ya sita!

Chaani hawamjui, hivyo nitasimama mimi kwanza niwatangazie kifo chake kwa huzuni. Bi Mwanatumu atakaa mbele kama mjane, amevaa buibui. Randu ameniambia, "Bwana Mohdhar, ukumbi ule una mlango mmoja." Vizuri zaidi. Watakaokimbia watahesabika kwa urahisi.

Nimempelekea Mbarak barua, nainakili hapa:

"Salaam. Ya juzi yamepita. Kesho Jumamosi, saa kumi na mbili jioni, unahitajika Chaani ndani ya sanda safi. Sitaki inshallah, sitaki tutaona, sitaki niulize nyumbani. Nataka neno moja: utakufa au hutakufa? Jibu linifikie kabla ya saa nne asubuhi."