Mche Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Februari 2025
Kazi! Nahesabu miche kwa msitu wa Ngong Road. Daktari Muia anatafiti kiangazi kinaua miche ya aina gani na kuacha ipi. Kila mche una kibati cha namba. Kuhesabu tu, hakuna kusaidia, hata tone la maji. Tuko wawili, kila mtu na kipande chake: mimi natoka mtaa wa Laini Saba, na Wangeci mtaa wa Kawangware. Ijumaa ya wiki ijayo mmoja wetu atapewa kazi ya mwaka mzima. Wangeci ana gambuti za mpira. Mimi nina ndala, na mwanangu Adhis mgongoni.

Jumanne, 4 Februari
Yangu miwili imekufa. Ya Wangeci, hakuna hata mmoja! Akaniuliza, Mama Adhis, kwani unaiangalia na jicho gani? Ati! Namba kumi na saba ameinamisha kichwa kama mtoto mwenye homa. Nikapita. Nikarudi. Chupa ya Adhis ilikuwa na maji kidogo...

Ijumaa, 7 Februari
Amesimama! Lakini wenzake je? Mama hapendelei. Leo nimebeba mtungi wa lita tano. Nimemwambia Wangeci ni uji wa mtoto. Akasema huyo mtoto anakunywa kama fundi wa mjengo.

Jumatano, 12 Februari
Majani mapya kila mahali! Daktari Muia amepiga magoti, amevua miwani. Anasema lazima kuna chemchemi chini. Ataita wachimbaji, kisha aandike dunia nzima isome. Wangeci amenuna. Raha! Lakini ugali wangu wote nimempa Adhis.

Ijumaa, 14 Februari
Wachimbaji wamekuja na majembe. La kwanza liliinuliwa juu ya kumi na saba. Nikajitupa mbele, na Adhis mgongoni. Nikasema yote.
Daktari aliketi kwenye gogo. Akasema hesabu yangu yote imeharibika. Kazi ya mwaka ni ya Wangeci. Nikakaza leso, nikaanza kuondoka. Akaniita. Akasema ameajiri wasomi wengi, hakuna aliyewahi kuona jani likianza tu kulegea. Nijaribiwe mwezi mmoja, kuhesabu ndege. Kuhesabu tu! Nikaapa. Wangeci alicheka, kisha akambeba Adhis mpaka barabarani.

Jumatatu, 17 Februari
Ndege wanne tu asubuhi nzima. Na vile wamekonda! Mmoja alinitazama mpaka nikaona haya.
Kesho nabeba chapati. Nusu tu.