Vitambaa Vyeupe vya Moteng

Jumatatu, 9 Septemba

Nimekwisha. Nthabeleng, binti wa marehemu dada yangu, anaolewa Jumamosi na kijana wa Mokhotlong, ng'ambo ya mlima. Gari hataki. Anataka kuuvuka mlima wenyewe, Moteng, kwa pikipiki, yeye na wenzake wa Maseru, wale wanaotafuta barabara yenye kona nyingi kama watu wazima wanavyotafuta nyama. Leo tulikuwa kwa 'Mamosa, mama muuza pombe. Kitambaa chake cheupe kilikuwa kimepanda mlingotini tangu asubuhi, pombe imeiva, watu wamejaa. Nthabeleng akatangaza mbele ya wote kwamba atakayeongoza ni mjomba wake. Mimi! Kwani si mimi niliyevuka Moteng gizani, theluji kiunoni, taa imekufa, chui amekaa nyuma kama abiria? Hadithi hiyo nimemlisha tangu ana meno mawili.

Ukweli nauandika hapa tu: nilifika kona ya tatu. Lakini aliyefika kona ya tatu ameuona mlima wote. Zilizobaki ni kurudiarudia.

Tlelima, baba yake mdogo, alikuwa pembeni anamenya yai. Huyo huvuka Moteng kila wiki na lori la unga, wala hajawahi kusimulia. Mtu wa ajabu. Akasema shemeji akichoka, yeye yupo. Nichoke! Nikamwambia nitamngojea ng'ambo mpaka chai ipoe.

Jumanne, 10 Septemba

Mazoezi ya siri. Nilipanda pikipiki na blanketi langu la sherehe, maana kiongozi hujizoeza na vazi lake. Kona ya kwanza, safi. Ya pili nikaimba. Ya tatu nikaangalia chini. Kosa! Mto mwembamba kama uzi, ng'ombe kama chawa. Nikafumba macho. Papo hapo mnyororo ukaonja pindo la blanketi, ukalipenda, ukaendelea kula. Nikavutwa nyuma kama ndama anayeondolewa kwa mama yake. Pikipiki ikazima. Nikabaki chali, nimekabwa na pini ya blanketi langu mwenyewe, natazama mbingu.

Na nani apite? Tlelima. Hakucheka, ndio ubaya wake. Alikata blanketi kwa kisu, akauliza chui leo amebaki nyumbani? Nikamjibu nilikuwa napima upepo.

Jumatano, 11 Septemba

Nilimpigia Nthabeleng kwa sauti ya msiba. Nikasema theluji imeanguka mlimani, mambo ya kutisha, heri waende na magari. Akacheka. Akasema, ah, Mjomba, wewe uliyepita ikiwa kiunoni, hii kwako si unga tu?

Halafu akaniambia jambo nisilotaka kulisikia. Kwamba mama yake alipofariki, usingizi ulimkimbia, akawa anajisimulia ile safari yangu, kona kwa kona, mpaka afike ng'ambo. Hapo ndipo alipokuwa analala. Hata pikipiki alijifunza kwa sababu hiyo. Mlima ule hataki kuuvuka nyuma ya mtu mwingine.

Nilikata simu. Nikakaa juu ya ndoo. Ugali ukapoa mbele yangu.

Nani alinituma kumtia chui kwenye hadithi?

Alhamisi, 12 Septemba

Akili imefunguka! Tatizo si mimi. Tatizo ni kona, zinaingia bila hodi. Mtu akijua kona iko wapi, na akapewa kitu cha kutazama badala ya lile shimo, hata kipofu anavuka. Nimechana shuka jeupe la mke wangu, lile la wageni. (Wageni gani?) Nikaazima farasi. Juu ya farasi siogopi kitu: farasi ana akili zake, pikipiki inangojea zangu. Kila kona mbaya nimesimika mti mrefu, na kitambaa cheupe kinapepea juu, bonde zima linakiona. Farasi alipogoma, nami nikaona vitambaa vinatosha. Wahandisi waje wajifunze.

Ijumaa, 13 Septemba

Tlelima amepita kusema kuna vitambaa vingi mlimani, sijui ni vya nani. Akanitazama. Nikatazama kuku.

Lakini kuna faraja. Tangu mchana watu wanapanda kuelekea Moteng, makundi ya wazee, wengine juu ya farasi, wamejifunika mablanketi. Wanawahi nafasi nzuri za kuniona! Jambo moja tu sikulielewa: kila mmoja ameshika kopo. Baridi, nadhani.

Mke wangu anatafuta shuka. Nimemwambia upepo wa Septemba ni mwizi mkubwa.

Jumamosi, 14 Septemba

Niandike yote, kama yalivyokuwa.

Nilikuwa mbele. Nyuma yangu Nthabeleng, gauni limekunjwa hadi magotini, mabuti, helmeti yenye maua. Nyuma yake wa Maseru, wananguruma. Mwisho kabisa Tlelima na lori la akina mama.

Kona ya kwanza, kitambaa. Nikapunguza gia. Chini yake wazee. Hawapigi makofi, wanagonga makopo. Ya pili, wengi zaidi. Ya tatu, barabara imezibwa. Mmoja wao, Mzee Phakoe, akakamata usukani wangu, akauliza pombe iko wapi. Pombe gani? Akanyoosha fimbo juu: wewe mwana, kile ni nini? Wamepanda tangu jana kutoka kitambaa hadi kitambaa, makoo makavu, hakuna nyumba, hakuna mtungi, mawe tu!

Mungu wangu. Maisha yangu yote nafuata vitambaa vyeupe. Nyumba iliyopandisha chekundu inauza nyama, cha kijani mboga, cheupe pombe, hata mtoto wa mgongoni anajua! Kumbe hofu inafuta hata elimu hiyo.

Kutoka kwenye lori mke wangu akapaza sauti: shuka langu! Maua niliyodarizi kwa mkono wangu!

Nthabeleng akavua helmeti. Akatazama kitambaa kile, kilichofuata, mpaka vilipoishia, na kona nyingi zilizobaki tupu kule juu. Akanisogelea, akauliza polepole: Mjomba, hivi ni vya nini?

Nafasi ilikuwa hapo. Neno moja tu la kweli. Nikafungua mdomo, nikajisikia natangaza kwa sauti ya mkutano kwamba ni zawadi ya mjomba, leo wote mnakunywa kwa heshima ya bibi harusi!

Vigelegele. Tlelima akamwachia mwingine lori, akasema mwenye sherehe hawezi kuwaacha wageni wake wakavu, basi aazimwe pikipiki yangu, yeye atatangulia. Kwa upole. Ningemzaba kofi.

Nthabeleng akanishika mkono. Akasema atawasha taa, nimwangalie. Nikabaki kona ya tatu na wazee wananizonga, naifuata ile taa kwa macho, inapotea, inatokea, hadi kileleni. Pale ikasimama. Ikasimama muda mrefu. Kisha ikashuka upande wa pili.

Machozi. Upepo tu.

Jumatatu, 16 Septemba

Jana kwa 'Mamosa niliwasimulia wasafiri jinsi nilivyomfikisha bibi harusi hadi kileleni. Theluji kifuani. Chui wawili. Mzee Phakoe alikohoa mpaka akatoka nje.

Leo Nthabeleng amepiga simu. Wamefika salama, amelala vizuri. Krismasi anakuja kunitembelea, kisha tutavuka wote wawili, mimi nikae nyuma yake, nikitaka nifumbe macho, hakuna atakayejua.

Abiria? Mimi? Nimemwambia nitaongoza.

Nimeshapanga. Mke wangu ana pazia la kijani. Nani atapanda Moteng kungojea kabichi?