Pakiti ya Kijani Juu ya Hita

Ofisi ya Usalama wa Maji ya Moto ya mji wetu wa Keelung inayo heshima kuutangazia umma kwamba tatizo la hita zisizo na tangi, zile zinazochemsha maji papo hapo yakipita bombani, limekwisha. Mimi, Naibu Mkurugenzi Hsiao, nilikuwepo lilipokwisha.

Mafundi walikuwa wametusumbua muda mrefu. Hita kama hii inakula umeme kwa pupa, walisema, kwa hiyo ipewe waya mnene, wake peke yake, kutoka meinswichi. Iwe na swichi inayojikata umeme ukivuja. Iwe na waya wa ethi wa kuupeleka umeme ardhini badala ya kuupitisha kwa anayeoga. Tuliwasikiliza kwa adabu. Kisha Mkurugenzi Tseng akauliza swali ambalo hakuna fundi aliyelifikiria: na pakiti je?

Kila mtu hapa kwetu anajua kwamba mashine haitulii mpaka iwekewe juu yake pakiti ya bisi za mahindi zenye ladha ya nazi. Iwe ya kijani, maana ya njano huitia mashine wazimu. Isiwe imepitwa na tarehe, na asiile mtu. Wengine wanafanya hivyo kimyakimya; ofisi yetu ndiyo iliyokuwa na ujasiri wa kuifanya kanuni. Na kwa kuwa mkaguzi hawezi kukagua kila kitu, kanuni hiyohiyo ikafuta ukaguzi wa waya.

Ndipo tukakutana na ukaidi wa Bibi Kang wa ghorofa ya pili. Mume wake amepooza upande mmoja, na baridi yote hii, mvua ikiwa haikatiki, alikuwa akimchemshia maji ya kuoga jikoni na kuyabeba kwa sufuria mpaka akajiunguza mkono. Basi akaita fundi mwenye leseni, wakaweka waya mnene, swichi yake, ethi yake, kila kitu. Nilipofika kukagua, hita ilikuwa ukutani inang'aa. Juu yake hapakuwa na kitu.

"Pakiti iko wapi, Bibi?"

"Dukani zilikuwepo za njano tu. Nikanunua, nikala."

Nilichukizwa, nasema kweli. Nikaizima swichi ya hita na kubandika juu yake sili ya karatasi yenye muhuri mwekundu. Akaniuliza mzee wake amuogeshe na nini. Nikamweleza kwamba ofisi inamhurumia sana.

"Hiyo huruma ina moto kiasi gani, mwanangu? Nimiminie kwenye beseni."

Watu wa namna hii ndio wanaorudisha nchi nyuma.

Mkurugenzi mwenyewe anakaa ghorofa ya nne ya jengo hilohilo, akaamua kuonyesha mfano. Hita yake tuliiunganisha kwenye soketi ya jiko la wali, kwa waya mrefu uliopita chini ya zulia. Ethi aliikataa kwa sababu inaharibu sura ya ukuta. Pakiti ya kijani niliiweka kwa mikono yangu. Waandishi wa habari wakaja, wakala keki za nanasi, na Mkurugenzi akaingia bafuni akiimba, huku mkewe akiwasha jiko la wali kuwapikia wageni.

Wimbo ulifika katikati. Harufu ya plastiki inayoungua ikatoka chini ya zulia, kukasikika mlio, paa!, na nyumba yake yote ikawa giza. Mkurugenzi alitoka na taulo, povu kichwani mpaka machoni, akilalamika kwamba bomba limemng'ata. Naripoti kwa fahari kwamba pakiti haikupata hata mkunjo.

Hakuna aliyethubutu kuligusa tena bomba lile, na povu lilikuwa linamchoma macho. Katika jengo zima kulikuwa na hita moja tu ambayo Mkurugenzi aliiamini. Tukateremka ngazi, yeye mbele na taulo, mimi nyuma na pakiti, waandishi nyuma yetu na kamera.

Bibi Kang alifungua mlango, akamtazama toka kichwani hadi kwenye ndara.

"Maji ya moto yapo, Mkurugenzi. Ila pana sili ya serikali. Mimi raia tu, siwezi kuigusa."

Mkurugenzi akaibandua kwa kucha zake mwenyewe, kamera zikimmulika, akaiwasha swichi.

"Asante," akasema Bibi Kang. "Sasa keti hapo. Mgonjwa kwanza."

Akamsogezea kigoda cha plastiki, akamwingiza mzee wake bafuni na kufunga mlango. Tukayasikia maji yakimiminika. Alimsugua mgongo bila haraka. Akamwosha nywele, wakacheka kitu fulani, akamwosha tena. Mvuke ukapenya chini ya mlango. Povu likaanza kumkaukia Mkurugenzi masikioni.

Hatimaye Mkurugenzi alininyang'anya pakiti, akaifungua kwa meno, tukala. Ripoti yangu inaeleza kwamba pakiti iliungua ikiwa kazini.