Diski Pacha na Sauti za Mama

Jumamosi, 7 Machi

Kikao cha familia nyumbani kwa dada yangu mkubwa. Jambo moja tu: leptopu yake inakufa. Inajizima yenyewe, inawaka ikijisikia. Na humo ndimo zilimo sauti za mama. Mia mbili na kumi na mbili! Marehemu mama hakujua kuandika, kwa hiyo kila neno alimtumia dada kwa sauti kwenye simu, na dada akazihifadhi zote kwenye leptopu. Kwingine hazipo. Mama ana miaka miwili kaburini. Dada alisema sauti hizo zikipotea atakuwa amemzika mara mbili.

Nikasimama. Nikatangaza kwamba ukoo huu unahitaji seva. Mashine inayokaa macho mchana kutwa na usiku kucha ikitunza mali ya familia. Wakanitazama kama nimesema tununue treni. Nikawakumbusha kuwa mimi si mtu wa kuokotwa. Miaka mitatu nililinda chumba cha kompyuta cha kampuni kubwa! Nililinda kwa nje, sawa, lakini mlango ulikuwa wa kioo. Kulikuwa na mashine moja mle, ikigoma, wahandisi wananiita nisimame mbele yake. Ikiniona tu, inafanya kazi.

Shemeji, mume wa dada, akakohoa. Ni mtunza stoo wa hospitali, tunamwita Risiti maana hajawahi kutupa karatasi tangu abalehe. Akasema tununue vitu vipya: kimashine kidogo, diski mbili mpya zenye dhamana, basi. Nikamjibu kwamba dhamana ni maneno ya mtu anayejua kitu chake kitaharibika. Watu wakacheka. Nimeshinda! Dada akanikabidhi leptopu kwa mikono miwili. Akasema mdogo wangu, usitikisike njiani, hapo umembeba mama.

Jumapili, 8 Machi

Kwa Skrepa. Huyu hununua mashine za ofisi zilizofungwa na kuzipanga hadi darini. Nimepata seva iliyotoka ofisi ya bima. Chuma tupu! Ndefu kama mlango, tumeibeba wanaume wawili na bado tulipumzika mara nne. Kile cha Risiti kingeingia kwenye mfuko wa koti. Skrepa alisema vitu vya siku hizi havina mifupa. Mtu wa maana sana, Skrepa.

Nikachukua na diski mbili, za ofisi ileile, boksi lilelile, namba zake zimefuatana. Pacha! Ukiandika kwenye moja, inaandikwa na kwenye nyingine. Moja ikifa, mwenzake anabaki. Kila moja imeshafanya kazi saa elfu hamsini na moja.

Nikampigia Risiti nimringishie. Akasema diski hizo zimefikia umri wa kustaafu. Nikamwuliza pale hospitalini kwao angependa kupasuliwa na daktari wa saa elfu hamsini au aliyetoka kwenye boksi jana. Akakata simu. Mbili bila.

Jumatatu, 9 Machi

Nimeiwasha. Mungu wangu! Feni sita. Mlio kama ndege iliyopoteza uwanja. Mama watoto alitokea jikoni na mfuniko mkononi, akauliza nani amekufa. Jirani yetu, fundi cherehani, aliuliza kupitia ukutani kama nimefungua mashine ya kusaga, na kilo ninatoza kiasi gani.

Imekaa chumbani kwetu kwa sababu soketi imara ni ya huko tu. Swichi kuu imeruka mara tatu. Nimechunguza kitaalamu: friji na seva haviwezi kuwaka pamoja. Nimezima friji. Maziwa yameganda, samaki anaongea. Mama watoto ameniuliza kati ya yeye na hilo dude, mke ni yupi, ajue wapi pa kulala. Nilijifanya sisikii. Kwa kweli nilikuwa sisikii.

Jumatano, 11 Machi

Zimeingia zote! Mia mbili na kumi na mbili, nimehesabu kwa kidole. Kwenye diski zote mbili. Nikafungua moja nisikilize. Feni hazikuniruhusu kusikia, ila kwenye skrini niliona ule mstari unapanda na kushuka. Mama anaongea! Machozi yalinitoka. Nikampigia dada, nikaisogezea mashine simu. Akasema anasikia upepo. Nikamwambia huo ndio mlio wa usalama.

Tatizo dogo. Mashine nzito, inafikiri polepole kama mimi nikiamshwa. Inataka memori zaidi. Skrepa anazo, za ofisi ileile. Mfukoni sina kitu. Skrepa akasema hata kubadilishana vitu anakubali. Vitu gani? Nikazungusha macho nyumba nzima. Friji, mama watoto kaikalia. Nikaiona leptopu ya dada. Nusu maiti, na kazi yake imekwisha.

Risiti, kama aliyenusa, akapiga simu. Akasihi leptopu isiguswe, ikae kabatini hata mwaka. Nikamwambia mtu aliyehama nyumba harudi kufagia ile ya zamani.

Nimebadilishana. Memori imeingia. Mashine sasa ina kasi ya ajabu, au mimi nimeizoea.

Ijumaa, 13 Machi

Asubuhi, diski ya kwanza imeanza kugonga. Ko, ko, ko. Taa yake imekuwa ya rangi ya chungwa. Sikushtuka. Pacha wake yupo, anafanya kazi kama punda. Nikanywa chai yangu mpaka mwisho.

Saa saba mchana. Ko. Nikadhani ni mtu mlangoni. Nikaenda kufungua. Hakuna mtu. Ko, ko.

Saa kumi, diski zote mbili kimya. Feni tu zinapiga kelele, na hakuna zinachopooza.

Nilikwenda kwa Skrepa mbio, ndala moja iliachwa njiani. Alinisikiliza kwa upole kama mtu aliyekuja kutoa pole. Akasema diski hizo zilitengenezwa siku moja, zikaanza kazi siku moja, zimefanya kazi saa zilezile kwenye joto lilelile. Sasa nilitegemea zife miezi tofauti? Nikamwuliza mbona hakuniambia. Akasema nilimweleza kwamba nimewahi kulinda kompyuta, akaona aibu kunifundisha.

Nikaomba leptopu. Akanyoosha kidole. Skrini ile pale. Kibodi hii hapa. Betri chini ya meza. Diski? Diski aliiuza jana.

Nimerudi nyumbani. Nimezima mashine. Kimya cha kwanza tangu Jumatatu. Mama watoto amechungulia, akaniona, hakusema hata neno moja la kejeli. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumamosi, 14 Machi

Dada amepiga simu mara nne. Nilimwagiza mama watoto aseme ninaoga. Mara ya nne dada aliuliza kwani ninamwogesha tembo.

Skrepa, kwa aibu yake, alinielekeza kwa mnunuzi: mwanamke mwenye duka la fotokopi nyuma ya posta. Nimekwenda kwa mguu, nikipanga maneno. Nilipofika nikakuta maneno hayasaidii. Diski ameshaifuta. Ameshaijaza mitihani ya shule, mikataba ya kupanga nyumba na matangazo ya misiba ya watu wengine. Nilikaa chini, pale pale sakafuni. Mteja mmoja alinivuka kwenda kulaminisha cheti.

Mama wa fotokopi aliuliza kulikuwa na nini humo. Nikamweleza. Kisha akasema kabla ya kufuta alifungua faili moja kujaribu kama diski ni nzima. Ilikuwa sauti ya bibi mmoja. Ilimchekesha mpaka akaihamishia kwenye simu yake, huwa anawachezea wateja foleni ikiwa ndefu.

Moja! Sekunde arobaini na moja.

Akabonyeza. Mama huyo. Sauti ya mtu aliyetoka kupuliza moto sasa hivi. Alikuwa anamwambia dada: "Yule ndugu yako ananiambia amenunua gari. Akija, muulize kwanza kama lina injini. Lakini mpe chakula kabla hujamuuliza. Huyu mtoto akidanganya hukonda."

Nililia mpaka mama wa fotokopi akanitumia ile sauti kwenye simu yangu na kunipa karatasi ya kufutia uso. Karatasi ya mashine. Inakwaruza.

Jumapili, 15 Machi

Nimemwambia dada. Nilitayarisha hadithi ya radi kupiga nguzo ya umeme, yenye moshi na zimamoto. Nikaanza hata kuisimulia. Nilipofika kwenye moshi, ulimi ukagoma. Nikasema kweli tupu, ya kwanza tangu mwaka uanze.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliicheza ile moja, akairudia. Akauliza ile ambayo mama anambembeleza mjukuu. Nikatikisa kichwa. Akauliza ile ya mwisho, aliyoituma toka wodini. Hiyo dada hakuwahi kuifungua. Alikuwa anaingoja siku atakayokuwa na moyo. Nikatikisa kichwa. Akasema basi hatajua mama alitaka nini siku ile.

Sina la kuandika hapa. Mimi!

Risiti alikuwepo. Nilimngoja aseme si nilikwambia. Nilikuwa na jibu tayari. Hakusema. Alitoka, akarudi na glasi ya maji, akaiweka mbele yangu. Tusi ningelistahimili.

Nilipoinuka niondoke, dada akanikalisha. Akanipakulia sahani, akasema kula, amri si yangu. Nimekula nikiwa siuoni mkono wangu.

Jumanne, 17 Machi

Dada ameigawa ile sauti. Kwake, kwa Risiti, kwa watoto wote, kwa mama wa fotokopi ilikotoka, hata kwa jirani yangu fundi cherehani. Simu kumi na moja, na yangu ikiwemo. Anasema mama hatalala tena nyumba moja.

Risiti amenunua kile kimashine chake kipya, kakiweka kwenye rafu sebuleni na risiti imebandikwa ubavuni. Hakina mlio wowote. Niliweka sikio. Kimya kabisa. Mtu utajuaje kwamba kiko hai?

Jumatano, 18 Machi

Nimekaa nikatafakari kwa kina. Sauti ya mama imezagaa kwenye simu kumi na moja kama kuku wa mtaani. Hakuna mpango, hakuna makao. Ukoo hauendeshwi hivyo. Na kosa la kwanza nimeligundua: si uzee wa diski. Ni uchache! Mbili zilielemewa.

Leo nimepita kwa Skrepa, kumsalimia tu. Kapokea mzigo toka benki iliyofungwa. Seva imenizidi kimo! Diski nane, boksi moja, zimekua pamoja, zinajuana tabia. Akasema kuna watu wawili wameshaiulizia tangu asubuhi, na mmoja alikuwa na toroli. Nikaona hapa nikizubaa nimekwisha. Alitaka chochote cha kuishikia nafasi mpaka Ijumaa.

Mfukoni nilikuwa na simu tu. Nimemwachia. Nikamsihi aishike vizuri, mama yangu yumo ndani. Akaifunga kwenye gazeti.