Daigo Ananyonyoka

Jumapili, 14 Aprili

Nina mke! Naandika tena kwa raha zangu: nina mke, na jina lake Chizuru. Asubuhi amepiga chafya, nikaona wanawake wengine wote wanabahatisha tu.

Tumehamia kwao, hapa Odate. Hawana mtoto wa kiume, kwa hiyo nimechukua jina la ukoo wao, Narita. Wenzangu wa karakana wanasema sikuoa, nimeolewa. Wivu.

Shida ni moja. Baba mkwe hajawahi kutamka jina langu. Ananiita "wewe bwana", kama mtu aliyekuja kusoma mita. Siku atakayoniita Tetsuya ndiyo siku nitakayokuwa mtoto wa nyumba hii.

Njia nimeipata. Ina miguu minne. Daigo, mbwa wake mwekundu wa aina ya Akita! Kichwa cha dubu, kifua cha mcheza mieleka, mkia umejiviringisha mgongoni. Tarehe tatu Mei anaingia maonyesho ya mbwa. Mwaka jana alishindwa na Fuji, mbwa wa jirani yetu Kamata, na tangu hapo Baba na Kamata wanasalimiana kwa videvu.

Daigo akishinda kwa msaada wangu, nimepata jina.

Leo nimemkumbatia. Kishungi cha manyoya kimenibaki mkononi, laini kama sufi. Sikukivuta! Kimekuja chenyewe!

Jumatano, 17 Aprili

Baba anamlaza Daigo nyuma ya nyumba, kivulini, kando ya rundo la theluji aliloliweka tangu majira ya baridi na kulifunika kwa makapi ya mpunga. Nikamuuliza Mama mkwe kwa nini mnyama anateswa. Akasema hateswi, baridi inayachelewesha manyoya yasinyonyoke kabla ya maonyesho. Mbwa aliyenyonyoka, akasema, hashindi hata paka.

Mimi nikawaza mbali zaidi. Ya zamani yakitoka yote sasa, siku ya maonyesho si mapya yatakuwa yameshaota? Daigo ataingia uwanjani na koti jipya! Watu wamefuga mbwa hawa vizazi na vizazi, na hakuna aliyewaza hivyo.

Baba alipokwenda shambani nikachukua chanuo. Jamani! Nilichana paja moja, nikapata mto wa kulalia. Nikachana mgongo, nikapata mbwa wa pili, wa manyoya matupu, amelala kando ya wa kwanza. Nikabaki nimeduwaa. Watu wanasafiri mbali kutazama milima, kumbe maajabu yako uani.

Upepo ukaja. Ukambeba mbwa wa pili mzimamzima hadi kwa Kamata, aliyekuwa ameanika magodoro. Akachungulia juu ya ua. "Bwana harusi! Mkweo siku hizi anafuga kondoo?"

Nikamwambia asubiri Mei.

Jumapili, 21 Aprili

Chizuru ametaja tu, hivihivi, kwamba maji ya moto hulegeza manyoya. Mke mzuri, na akili juu!

Maji ya moto nyumbani yako kwenye hodhi la kuogea. Kila mtu hujisugua kwanza pembeni, ndipo anaingia kujiloweka, wote kwa maji yaleyale, Baba akiwa wa kwanza. Lakini Baba alikuwa mkutanoni na Mama sokoni.

Daigo aliingia kwa heshima zote (nilimsugua kwanza, mimi si mshenzi). Maji yakamfika kidevuni. Akafumba macho, akashusha pumzi ndefu. Sijawahi kuona uso wenye amani namna ile. Chizuru akanishika mkono. Mvuke, mbwa, mke wangu. Ningeweza kuishi humo bafuni.

Kisha nikayaopoa manyoya kwa chujio la tambi. Yale niliyoyaona.

Jioni Baba akaingia kuoga. Mlango ukafunguka, akasimama pale na taulo kiunoni, mwekundu wa manyoya toka shingoni hadi vifundoni. Akauliza, taratibu kabisa, nyumba hii ina mbwa mmoja au wawili. Nikasema mmoja, Baba. Akasema basi wewe bwana, kapashe moto maji mengine.

Bado ni "wewe bwana".

Jumamosi, 27 Aprili

Maua ya mcheri yamefunguka mji mzima. Daigo hajafungua kitu. Ana kiuno! Nani alijua Akita ana kiuno? Anafanana na mbweha aliyeazima kichwa cha dubu.

Mama amenong'ona kwamba koti jipya hukamilika Oktoba. Oktoba! Nikalalamika kwa Chizuru mbona sikuambiwa. Akasema, "Ungeuliza, we mwanaume!" Akiwa na hasira ana kishimo shavuni. Sikujua!

Nimejaribu kumvimbisha Daigo kwa kikausha nywele. Umeme umekatika nyumba nzima.

Ijumaa, 3 Mei

Maonyesho. Baba amempeleka hivyohivyo, hakutaka kujitoa mbele ya Kamata. Fuji kajaa kama wingu. Watu wakaanza kucheka walipomwona wetu.

Kisha Daigo akasimama. Sijui niandikeje. Aliikita miguu ile minne, akainua kichwa, akatazama mbali kupita sisi sote, na kicheko kikazimika uwanja mzima. Mwamuzi alimzunguka polepole. Akasema mifupa hii, masikio haya, hajaona miaka mingi. Nililia waziwazi.

Halafu akauliza koti liko wapi. Fuji wa kwanza. Daigo wa mwisho.

Njiani, ndani ya gari, Baba alitazama mbele tu mpaka darajani. Ndipo akasema, "Tetsuya."

Tetsuya! Kwa herufi zake zote! Akaendelea kusema kwamba nikimgusa tena mbwa wake nitahamia mimi kule nyuma, kwenye makapi. Lakini alianza na Tetsuya! Chizuru shahidi.

Jumapili, 5 Mei

Tetsuya, Tetsuya, Tetsuya. Mpango umefaulu.

Asubuhi Kamata kaja uani, mpole ghafla. Fuji ameanza kunyonyoka, nyumba haikaliki, hata supu ina manyoya. Akaniuliza, bwana harusi, mlifanyaje yakaisha haraka vile?

Nimefikiri sana. Baba alinikataza kumgusa mbwa wake. Wa Kamata hakumtaja. Na tukipatanisha nyumba mbili hizi, je, hataniita "mwanangu"?

Baba atarudi jioni. Fuji ni mkubwa kuliko Daigo, lakini Chizuru anasema ataenea hodhini. Ameshapasha maji moto.