Mabuti ya Mkurugenzi

Jumatatu, 4 Machi
Siku nzito. Mkurugenzi wa manispaa amebandika tangazo: wafagiaji wote wa barabara wataachishwa kazi mwisho wa mwezi. Eti hali ni ngumu. Ngumu kwa nani? Gari lake jipya linang'aa! Mke wangu ni mfagiaji. Alilisoma, akakaza kitambaa kichwani, akarudi barabarani na fagio lake. Hakulia. Nikaona fahari.

Jioni tawi letu la chama cha wafanyakazi likakutana karakana. Ijumaa tutajaa uani tumkabili mkurugenzi. Nani atahamasisha wanachama? Nikanyoosha mkono kabla swali halijaisha. Bonge, dereva wa lori la taka, naye akanyoosha. Mwenyekiti akasema tusaidiane. Tusaidiane! Mimi karani wa stoo, mtu wa kalamu, na mtu wa usukani!

Jumanne, 5 Machi
Bonge anamfuata mwanachama mmoja mmoja. Anauliza habari za mgongo, za watoto, za mama mkwe. Halafu anasikiliza majibu! Kwa mwendo huo atamaliza wote wameshastaafu.

Mimi nilisimama getini na hotuba kali. Wakanipungia mkono wakapita. Watu wa bustani wakasema wao hawajaguswa, ya nini kujitafutia balaa. Woga umewaingia hadi kwenye mifupa.

Lakini nimepata wazo. Nimejipongeza mbele ya kioo.

Jumatano, 6 Machi
Nimemnong'oneza mpishi wa kantini kwamba Ijumaa mkurugenzi atagawa mabuti mapya uani. Nikamwapisha asimwambie mtu. Kabla ya chai habari ilishafika kwa wachimba makaburi! Kipaji ni kipaji.

Mke wangu akauliza kama najua lolote kuhusu mabuti. Nikasema sijui. Akanitazama kama anavyotazama mfereji ulioziba.

Ijumaa, 8 Machi
Uani pamefurika! Wafagiaji, zimamoto, bustani, hata wastaafu. Bonge yupo, kazi yangu anaiona. Nikapanda juu ya pipa. Sijafungua mdomo, mtu akauliza mabuti yako wapi, yeye mguu wake mpana. Mkurugenzi akatoka nje, akauliza mabuti gani. Mpishi akaninyooshea kidole.

Nikarudi nyuma kimkakati hadi stoo. Nikajifungia. Komeo likakatikia mkononi! Karani wa stoo, mfungwa wa stoo!

Nikachungulia kwenye tundu la ufunguo. Watu wanaondoka kwa hasira. Mkurugenzi anatabasamu. Kazi ya mke wangu inapotea kwa sababu ya mdomo wangu.

Mara nikaona mtu juu ya pipa. Mke wangu!

“Mabuti hakuna, jamani,” akasema. “Nimefagia mji huu miguu ikiwa majini, na bado nataka kuufagia. Leo mnaniacha mimi. Kesho fagio langu atapewa nani? Wewe wa bustani?”

Bonge akaanza kuwaita waliofika getini, kila mtu kwa jina lake. Mmoja akageuka. Halafu wote. Sijawahi kuona migongo mingi ikigeuka namna ile.

Mimi nikaugonga mlango nifunguliwe. Wakadhani ngoma! Wakaanza kuimba kwa mapigo yangu. Nikagonga kwa nguvu zaidi. Mkurugenzi akajaribu kusema, hakusikika. Mwishowe akalibandua tangazo kwa mkono wake mwenyewe, akalichana mbele yetu. Kazi zimebaki! Zote!

Nililia peke yangu katikati ya mafagio. Vumbi, kwa sehemu.

Jumamosi, 9 Machi
Mji mzima unamsifu mke wangu. Natembea naye kifua mbele, nikieleza nani alipiga ngoma. Bonge amechaguliwa mhamasishaji wa tawi, mke wangu msaidizi wake. Mimi nimepewa kazi ya kukaa kimya mpaka niulizwe. Wadhifa nyeti!

Mke wangu akaniambia taratibu: baba watoto, watu walirudi kwa sababu waliambiwa ukweli. Nikaitikia kwa kichwa. Maneno mazito, yameniingia kabisa.

Mchana nikaenda kunyoa. Nikamwinamia kinyozi sikioni na kumwambia, abaki nayo mwenyewe, kwamba mkutano wetu ujao anakuja waziri.