Mafungu Mawili ya Nguo za Mama

Alhamisi, 6 Juni

Mapinga. Arobaini ya Mama ilikuwa jana. Leo Mjomba Mrisho katuita mimi na Dada Tabia, kasema nguo za marehemu tuzigawane kwa kuelewana. Kuelewana! Nasoma shahada ya uzamili ya uchumi, mwaka mzima nadharia ya jinsi mtu anavyochagua. Watu hawaelewani. Watu huwekewa utaratibu.

Nataka kitu kimoja tu: kanga ya kahawia aliyojifunika siku za mwisho. Haijafuliwa. Bado ina harufu yake. Tabia asijue. Akijua, kanishika pabaya: atanipandishia bei.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepata njia. Mmoja agawe mafungu mawili, mwingine achague. Haki tupu, imethibitishwa. Nimejitolea kugawa. Tabia kasema sawa, huku anakuna nazi. Hakuuliza hata swali. Nilikuwa na mchoro tayari wa kumweleza.

Jumamosi, 8 Juni

Fungu la kwanza: doti sita mpya, baibui la Idi, mtandio wa hariri. La pili: magauni yaliyopauka, shuka, sweta lisilo na vifungo, na katikati, kanga yangu. Mwenye akili timamu atachukua la kwanza.

Tabia aliyatazama mafungu. Kisha akanitazama mimi. Akachukua la pili.

Nikamwambia hesabu haikubali. Akajibu kwamba nguo mpya zinanifaa mimi wa chuo. Nimelia bafuni, bomba nimelifungua.

Jumapili, 9 Juni

Nimetaka kumpa doti mbili, anipe lile fungu lake. Kakataa. Nikapanda hadi zote sita. Kasema nisiwe na haraka. Anapandisha bei! Kanga sikuitaja.

Yeye ndiye aliyemuuguza Mama miezi minane. Mimi nilikuja mara mbili, na vitabu.

Jumatatu, 10 Juni

Asubuhi Tabia kaingia chumbani na kanga mikononi. Imefuliwa, imepigwa pasi, imefukizwa udi.

"Nilikuona ulivyoikunja," akasema. "Nikajua unaitaka hii. Sasa ningekupa vile vile, na jasho la ugonjwa? Ungesema tu, mdogo wangu. Ningekupa siku ile ile."

Nikashukuru. Alipotoka nikainusa yote, pindo hadi pindo. Sabuni. Udi. Mama hayumo.

Jumanne, 11 Juni

Kosa nimeliona. Nadharia ni nzima. Nilikosea dhana moja tu. Nilidhani Tabia anajitafutia yake. Linarekebishika.

Umebaki mto wa Mama. Hakuna aliyeulalia tangu siku ile. Tabia kasema kesho anafua foronya zote. Ningeweza kwenda kumwomba. Yuko uani, anachambua mchele, hatua kumi na tano kutoka hapa. Nimezihesabu.

Nimeandaa bahasha mbili. Baada ya chakula kila mmoja ataandika kwa siri kitu anachokitaka zaidi humu ndani, kisha tutafungua pamoja. Utaratibu huu hauna mwanya.

Mimi nitaandika feni, asiushuku mto.